Kinachosukuma Kwenye Kona ya Mianzi

Kijijini, siku ya tatu ya mwezi wa saba, kwa kalenda ya wazee

A-Jung mwanangu,

Nakusalimu wewe na huyo mgeni aliye tumboni. Mimi mzima, magoti tu yanalalamika kama kawaida yao. Wasiwasi wote uko kwako: unalalia ubavu wa kushoto kama daktari alivyosema? Unakula? Usishike mkasi, usipigilie msumari, wala usisogeze kitanda mpaka ujifungue. Najua unacheka. Cheka, lakini usisogeze.

Usishangae kupata barua. Kimbunga kimeangusha mnara, na bonde zima halina simu mpaka mjini. Simu yangu sasa ni kioo cha kujitazamia. Barabara nayo imeliwa na maporomoko sehemu mbili. Gari halipiti, pikipiki inapenya. Bwana Liao wa posta anapanda kutoka mjini Jumanne na Ijumaa, anakunywa chai nzuri kuliko anayostahili, kisha anateremka na barua. Hii anaisubiri hapa mlangoni, anapambana na mbu.

Nisizunguke. Pikipiki uliyoninunulia imeanza kunitisha. Unakumbuka nilivyoipenda: ukiachia mafuta mteremkoni (naendelea kuita mafuta ingawa ni ya umeme, haina hata tone), yenyewe inashika, inanguruma kidogo kama paka, inashuka kwa adabu. Tangu mwezi wa saba uingie haishiki. Juzi, siku ya kwanza, natoka nyumbani tu inaniteleza, na nilipofika Kona ya Mianzi kitu kikanisukuma mgongoni. Si upepo. Upepo wa mlima huu naujua, nimeishi nao miaka sitini na moja. Nilipopita daraja ikashika tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Shangazi yako Pi-hsia akasema ni Ndugu Wema, wale wafu wasio na wa kuwalisha. Mwezi wao huu, milango ya kuzimu imefunguliwa, wako barabarani na njaa zao. Akanipa hirizi ya karatasi ya manjano, nikaifunga kwenye usukani. Jana ikatulia, pikipiki ikashika vizuri, nikamshukuru shangazi yako mpaka akavimba kichwa. Leo asubuhi ikasukuma kuliko mwanzo. Sasa shangazi yako anasema hirizi ilipata umande.

Usiniambie nikae nyumbani. Mwaka huu vibao vya kupigia ramli vya hekalu vimeniangukia mimi: ndimi mshika chetezo wa kijiji, na siku ya kumi na tano meza ya wafu lazima iwe imejaa. Karibu kila asubuhi niko hekaluni kule bondeni. Uangalifu ninao. Tangu mwezi uanze nachaji mpaka betri inajaa pomoni, maana nani anataka kuzimikiwa njiani mwezi huu, jioni, peke yake?

Ulisema pikipiki inaandika kila safari kwenye kikadi kilicho chini ya kiti. Nimekichomoa kwa kibano cha nyusi, kimo humu ndani. Wewe unalipwa kusoma safari za pikipiki za watu wasiokuhusu. Soma na za mamako.

Mamako


Taoyuan, 8 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Salamu za heshima. Nalalia ubavu wa kushoto mpaka sikio limekufa ganzi. Daktari ananiruhusu kuinuka kwenda chooni tu, basi. Mtoto anacheza sana. Meli ya mkweo iko mbali, atarudi Oktoba. Na sijasogeza kitanda.

Kadi imefika salama. Ina safari arobaini na moja tangu Juni, na kompyuta naiegemeza tumboni, kwa hiyo mtoto anaipiga mateke. Mpaka sasa nimetazama safu moja tu ya tarakimu: umeme unaorudi.

Nikueleze, ili tuogope kitu kimoja. Ukipanda, betri inaizungusha mota na mota inazungusha gurudumu. Ukiteremka mambo yanageuka: gurudumu ndilo linaizungusha mota, na mota inatengeneza umeme. Kuutengeneza ni kazi nzito, na uzito wa kazi hiyo ndio unaokushika. Paka wako anayenguruma ndiye huyo. Umeme anaoutengeneza unarudi kwenye betri. Si mwingi: kupanda kutoka hekaluni mpaka nyumbani kunakula asilimia thelathini na tano, na kushuka kunarudisha tatu. Mlima unachota kwa ndoo, unarudisha kwa kijiko. Lakini bila hicho kijiko unashuka kwa breki za mkono peke yake.

Sasa: tarehe 4 na tarehe 6 Agosti, yaani siku yako ya kwanza na ya tatu, kutoka mlangoni kwako mpaka darajani haukurudi umeme hata chembe. Tarehe 5 ulirudi vizuri. Nadhani kuna waya uliolegea, siku nyingine unagusa, siku nyingine haugusi. Sina hakika. Mpaka nisome zote, nakuomba usiipande. Azima ile pikipiki ya mafuta ya shangazi.

Nimeweka kadi nyingine tupu, irudishe mahali pake. Na uniandikie kitu kimoja kwa makini: je, inakusukuma, au haikushiki? Ni vitu viwili tofauti, Mama.

Bintiyo anayekupenda


Kijijini, siku ya sita

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia mtoto anapiga mateke. Mimi sijambo, nimekula, nimelala.

Pikipiki ya shangazi yako iko chini ya tope pamoja na banda lake la kuku. Kwa hiyo napanda yangu.

Umeniuliza kama inanisukuma au hainishiki. Mgongo ni wangu, A-Jung, si wa kompyuta. Inanisukuma. Na sasa najua ni nani.

Ni baba yako. Nimeona haya kwamba sikuwaza hivyo siku ya kwanza. Ni pale pale alipoangukia, miaka mitatu imepita, mwezi huu huu. Wewe umesoma, lakini umezaliwa hapa, unajua wanavyosema wazee: aliyekufa barabarani hakai kaburini. Anafungwa pale alipoangukia mpaka apate mtu wa kushika nafasi yake, ndipo aachiwe aende zake. Miaka mitatu! Baba yako, mtu aliyekuwa hawezi kukaa foleni ya kinyozi! Amesimama kwenye ile kona kwenye mvua na kwenye ukungu, sisi tunapita na machipukizi yetu ya mianzi, tunapiga honi, tunakwenda.

Nilipofikiri hivyo hofu ikaniisha yote. Usiogope na wewe. Mimi siogopi tena.

Nguo za mtoto nimemaliza kushona, fulana sita na kofia mbili. Ziko kwenye sanduku la juu ya kabati, nimeandika jina lako. Hati ya shamba la chai iko nyuma ya picha ya baba yako, ukitoa fremu utaiona. Chungu cha kuku wa mafuta ya ufuta, wa kula ukishajifungua, nimemwelekeza shangazi yako namna ya kukipika. Anaweka tangawizi kidogo mno, msimamie.

Bwana Liao anakohoa, maana yake anataka kwenda.

Mamako


Taoyuan, 11 Agosti

Mama,

Mimi sijambo na mtoto hajambo, na salamu ziishie hapo.

Kwa nini unaniambia hati iko wapi? Kwa nini shangazi ndiye atakayepika kuku? Nimeisoma barua yako nikaamka kitandani, nikasimama katikati ya chumba sijui nakwenda wapi, mpaka maumivu yakanirudisha kulala. Kisha nikasoma safari zote arobaini na moja. Nimeziona, Mama. Nimeona na kile usichoniandikia.

Kwanza mashine. Hakuna waya uliolegea, na haina ugonjwa. Nilipokosea ni kutafuta kilichoharibika. Betri ni kama mtungi. Juni na Julai ulikuwa unachaji kidogo siku moja, unaacha siku mbili. Ulikuwa unatoka nyumbani na asilimia sitini, themanini, mtungi una nafasi, umeme wa mteremko unaingia, mota inakushika. Mwezi wa saba wa wazee ulipoingia ukaanza kuchaji mpaka mia. Sasa mtungi umejaa hadi mdomoni. Umeme wa mteremko hauna pa kwenda, kwa hiyo pikipiki inakataa kuutengeneza, isije ikaichoma betri. Na isipoutengeneza, haikushiki. Imeachiwa, inateleza kama baiskeli. Kabla ya daraja kuna ule mwinuko mfupi wenye mipopoo. Pale unatumia umeme kidogo, mtungi unapungua, na ukipita daraja mota inaanza kushika. Ndiyo maana "inapona" kila siku mahali pale pale. Mwili wako umezoea kuvutwa nyuma kwenye kona ile. Mkono unaovuta ukiondoka, mgongo unadhani umesukumwa.

Waliokuuzia walipaswa kukwambia. Mimi ndiye nilipaswa kukwambia, nakaa na tarakimu hizi kila siku. Sikuwaza kwamba kuna mtu anaishi juu ya mlima, anachaji juu, halafu anashuka. Hapa Taoyuan ni tambarare.

Utaniambia: na baba je? Tazama tarehe 5. Ilikuwa siku ya pili ya mwezi, kona ile ile, saa ile ile, na pikipiki ilishika. Wewe ukaishukuru hirizi. Mama, usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika kijijini. Kadi inaonyesha chaji ilisimama kwenye sabini na moja. Ulitoka na sabini na moja. Hakuna kingine kilichobadilika. Mimi sijui habari za wafu, najua habari za betri. Lakini kama ni baba anayekuvuta, kwa nini aache siku ambayo betri haijajaa? Alikuwa hajui hata kuchaji simu.

Sasa lile jingine. Kadi inaandika pia breki za mkono, kila zinapobanwa na kila zinapoachiwa. Tarehe 4, betri imejaa, umeingia konani ukabana breki zote mbili kwa nguvu, ukapita na kilomita ishirini na sita kwa saa. Ndivyo anavyofanya mtu aliyeshtuka. Tarehe 6, asubuhi ile ile uliyoniandikia barua ya kwanza, umeingia konani na thelathini na nne, ukaachia. Zote mbili. Sekunde nne. Mwendo ukapanda mpaka hamsini na saba. Kisha ukabana ghafla mpaka gurudumu la nyuma likaburuzika.

Sekunde nne, Mama. Nimezihesabu kwa sauti hapa kitandani, na ni nyingi sana. Uliniandikia kwamba pikipiki inasukuma. Hukuniandikia kwamba uliifungulia.

Unataka kushika nafasi yake?

Niandikie chochote, hata matusi. Natuma kwa haraka, Liao atakufikia nayo Jumanne. Mpaka nikusikie usishuke kona ile. Ukilazimika, chomoa chaji kwenye sabini. Sabini, Mama. Na breki.

A-Jung wako


Taoyuan, 16 Agosti

Mama,

Salamu. Hakuna jibu.

Nililisubiri Jumatano, Alhamisi, na leo. Nimepiga simu posta ya mjini nikampata Bwana Liao mwenyewe kabla hajaanza kupanda. Anasema Jumanne alikupa barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja mara nne, ukamimina chai, ukasema, "Leo sina barua." Nikamuuliza ulikuwa na sura gani. Akasema, "Sura ya mamako, dada. Ningejuaje? Yule hata akiumwa jino anamlaumu daktari."

Nikamwambia akupigie kelele tokea barabarani: usichaji kujaa, mwisho sabini! Akasema atapiga kelele, ila mamako haambiliki. Nikamwomba akuchomolee betri akimbie nayo. Akacheka, akanyamaza alipogundua kwamba mimi sicheki.

Barua hii itakufikia Jumanne ijayo, na meza ya wafu ni Jumapili. Najua hivyo ninavyoiandika. Jumapili utashuka na mzigo: makopo, mchele, keki za viazi. Nimepiga hesabu ya uzito wa mzigo na urefu wa mteremko na mahali breki zinapoanza kupata moto, kisha nikafunga kompyuta maana jibu sikulipenda.

Leo nilivaa viatu nikafika mlangoni. Nilitokwa na damu kidogo. Daktari amekuja, mtoto bado yupo salama, nimefungwa kitandani kama mwizi. Nilikuwa nataka kuja kusimama kwenye ile kona.

Mama, mimi pia namkumbuka. Lakini yeye nilishamzika. Wewe sitaki kukuzika nikiwa na mtoto mgongoni.

A-Jung


Hekaluni, siku ya kumi na tano

A-Jung wangu,

Niko mzima. Naanza na hilo kabla ya salamu, ushushe pumzi. Naandikia juu ya gunia la mchele nyuma ya jiko, wenzangu wananilaani kwamba mshika chetezo amejificha. Kuna kijana anatoka hapa kwenda mjini sasa hivi, nimempa keki tatu na ahadi ya nne ili barua hii ilale posta leo.

Sikukujibu kwa sababu ya aibu. Sikujua kwamba kile kikadi kinaandika mikono. Nilidhani kinaandika mwendo na betri, mambo ya pikipiki. Kumbe nimempelekea mtoto wangu mjamzito siri yangu kwenye bahasha, na kibano cha nyusi nikakitafuta mwenyewe. Nilipofika kwenye sekunde nne masikio yaliwaka moto mbele ya Liao.

Umeniuliza, nitakujibu. Ndiyo. Siku ile nilisikia msukumo nikasema moyoni, ni wewe? Kama ni wewe, basi. Mikono ikafunguka. Sikupanga, A-Jung, nakuapia. Ilikuwa tamu sekunde mbili. Ya tatu nikaona korongo. Ya nne nikapiga kelele na sijui nilimwita nani. Nikaja nyumbani nikakuandikia ile barua ya kwanza, ya kujikaza. Halafu kila siku nilirudi kuchaji mpaka mia, na nikajiambia ni kwa usalama.

Ijumaa Liao akapiga kelele tokea barabarani, "Bibi! Sabini! Bintiyo anasema sabini, na anatokwa na machozi!" Kijiji kizima kilisikia. Shangazi yako akaja mbio kuuliza sabini ni nini, maana mimi nina miaka sitini na moja.

Jana jioni nilikaa jikoni nikiitazama ile taa ya chaji. Ilipofika sabini nikachomoa. Mkono ulikuwa mzito kama namvua maiti nguo. Maana, mwanangu, hukuuona upande huu. Wewe ulitaka kunithibitishia kwamba ni betri. Mimi nilikuwa naogopa uwe umesema kweli.

Leo asubuhi nikafunga mzigo nikatoka. Mteremko wa kwanza, paka akanguruma. Ikashika. Nikafika Kona ya Mianzi, mgongo umekaza, namsubiri. Ikashika. Pikipiki ikapinda kwa adabu na mchele wake na keki zake, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Hakuna aliyenigusa.

Nikasimama, nikaegesha. Sikutosheka. Wewe una kadi yako, mimi nina vibao vyangu. Nikavitoa mfukoni, nikapiga magoti kwenye lami, nikauliza: "Uko hapa?" Nikavirusha. Vyote migongo juu: hapana. Mara ya pili, hapana. Mara ya tatu, hapana. Nikasema labda leo vibao vimelala. Nikauliza kitu ninachokijua: "Je, mimi ndiye mshika chetezo mwaka huu?" Kimoja tumbo juu, kimoja mgongo: ndiyo. Nikarudia la kwanza. Hapana.

Nikamwita. Jina lake kamili, Chien Teng-shan, kwa sauti, jambo lisilofanywa na mtu mwenye akili mwezi huu. Mianzi ikapiga kelele yake ya kila siku. Nikangoja tena, maana alikuwa mzito wa kuitika hata alipokuwa hai.

Hayupo pale. Hakufungwa, hakusimama kwenye mvua miaka mitatu akinisubiri. Alikwenda siku ile ile aliyoanguka, na mimi sikujua. Nililia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kuwapikia. Leo nilikuwa peke yangu na gunia la mchele, na kama hayupo pale, A-Jung, basi hayupo popote ninapoweza kufika kwa pikipiki.

Nikainuka. Nikatazama mteremko uliobaki, ambao nimeushuka maisha yangu yote, nikaona jinsi ulivyo mkali, na korongo lilivyo karibu na tairi, na changarawe ya kimbunga bado imetapakaa. Nikakufikiria umelazwa kitandani na tumbo lako. Nikaogopa mpaka meno yakagongana. Nikakaa juu ya pikipiki, nikashuka polepole kama msichana anayejifunza, na mpaka darajani sikuachia breki hata mara moja.

Mamako